Mchoro Asilia na Hadithi ya Jaridani: Somo Kutokana na Michoro ya Sidney Paget

Utangulizi

Asomaye hadithi katika jarida la zamani huwa na vitu viwili mbele ya macho yake: maneno ya mtunzi na picha ya mchoraji. Maneno yana bahati. Yakishachapwa jaridani huchapwa tena kitabuni, hutafsiriwa, huwekewa maelezo, na mwishowe huingia katika mitaala. Picha haina bahati hiyo. Aghalabu kitabu kinapochapwa upya picha hupunguzwa au huachwa kabisa, na ile karatasi iliyochorwa kwa mkono, ambayo ndiyo chimbuko la picha yenyewe, huwa imekwisha kutupwa siku nyingi.

Mhadhara huu unahusu ukusanyaji wa karatasi hizo. Unakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo si ya kupamba kuta wala si biashara ya mnadani tu, bali ni tawi la taaluma ya matini. Hoja yake ni kwamba mchoraji wa hadithi ni mmoja wa wasomaji wake wa mwanzo kabisa, na kwamba mchoro alioutoa mkononi mwake ndio ushahidi wa karibu zaidi wa namna alivyoisoma. Ushahidi huo ukipotea, sehemu ya historia ya hadithi hupotea pamoja nao.

Ni vyema kwanza istilahi mbili zitenganishwe. Katika mhadhara huu, mchoro asilia ni karatasi ile ile aliyoishika mchoraji, yenye wino na rangi zake. Picha ni kile kilichochapwa jaridani kutokana na mchoro huo. Mchoro ni mmoja. Picha huwa katika maelfu ya nakala. Tofauti kati ya hivyo viwili, kama itakavyoonekana, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mfano uliochaguliwa ni michoro ya Sidney Paget kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Umechaguliwa kwa sababu habari zake zimechunguzwa sana, na pia kwa sababu mpelelezi huyo anaye jamaa yake katika fasihi ya Kiswahili, atakayetajwa baadaye.

Jarida na mchoraji wake

The Strand Magazine lilianza kutoka mjini London mwezi Januari 1891. Mmiliki wake, George Newnes, alitaka kuwauzia wasomaji wa tabaka la kati jarida la kila mwezi kwa peni sita, yaani nusu ya bei ya majarida mengi ya namna hiyo, na alitaka liwe na picha karibu katika kila ukurasa. Tangu mwanzo, basi, picha haikuwa nyongeza katika jarida hilo. Ilikuwa sehemu ya bidhaa aliyoinunua msomaji.

Mwezi Julai 1891 jarida lilichapisha hadithi fupi iitwayo "A Scandal in Bohemia", iliyotungwa na Arthur Conan Doyle (1859–1930), daktari aliyekuwa akijaribu bahati yake katika uandishi. Sherlock Holmes alikwisha kutokea katika riwaya mbili, ya 1887 na ya 1890, bila ya kuvuma sana. Katika hadithi fupi za jaridani alipata umaarufu usio kifani. Mpango wa mtunzi ulikuwa mwepesi na wenye hekima: kila hadithi ijitosheleze, lakini mhusika awe yule yule, ili aliyekosa toleo moja asipotee katika lile lifuatalo.

Mchoraji aliyepewa kazi hiyo alikuwa Sidney Paget (1860–1908). Inasimuliwa kwamba barua ya kumwita ilikusudiwa ndugu yake Walter, naye akiwa mchoraji, bali ilimfikia Sidney. Iwe iwavyo, kuanzia 1891 hadi 1904 Paget alichora zaidi ya picha 350 za Holmes kwa ajili ya jarida hilo. Msomaji wa wakati ule hakupata kumjua Holmes wa maneno kwanza na Holmes wa picha baadaye. Aliwapokea wote wawili kwa pamoja, katika ukurasa mmoja.

Safari ya mchoro hadi ukurasani

Ili kuelewa thamani ya mchoro asilia, hapana budi kueleza jinsi picha ilivyochapwa. Kwa muda mrefu katika karne ya 19 mchoraji alichora moja kwa moja juu ya kibao cha mti mgumu, kisha fundi wa kuchonga akakata mbao kuufuata mchoro huo. Mchoro wenyewe uliangamia chini ya patasi. Ndiyo kusema, katika zama hizo hapakuwa na mchoro asilia wa kukusanya; kazi ya mchoraji ilifutwa na kazi ya kuieneza.

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1860, ilipogunduliwa njia ya kuuhamisha mchoro kwenye kibao kwa kamera. Tangu hapo mchoraji aliweza kufanya kazi yake kwenye karatasi ngumu, kwa wino mweusi uliozimuliwa kwa maji na rangi nyeupe, aghalabu kwa ukubwa uliopita ule wa picha iliyokusudiwa. Kamera iliupunguza mchoro na kuuweka juu ya mbao, fundi akachonga, karatasi ikasalimika. Paget alianza kazi yake katika Strand chini ya utaratibu huo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 uchongaji ulikuwa umepisha njia nyingine, ambayo huivunja picha kuwa vitone vidogo vidogo vya wino bila ya kuhitaji mkono wa mchongaji.

Lililo muhimu hapa ni kazi ya fundi yule. Mchoro wa Paget ulikuwa na vivuli laini vilivyotokana na brashi: weusi ulififia kidogo kidogo hata ukawa weupe. Kibao cha mbao hakiwezi kufifia. Kina mahali palipopakwa wino na mahali pasipopakwa, basi. Kwa hiyo mchongaji alilazimika kukigeuza kila kivuli kuwa mistari, akiamua mwenyewe mistari ikaribiane wapi na iachane wapi. Uso wa Holmes uliomfikia msomaji wa 1891 ulipita mikono miwili.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Aliyekabiliwa na hati ya zamani ya utenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anajua kwamba herufi moja yaweza kusimama badala ya sauti mbili au tatu za Kiswahili: be moja ikasomwa b, p au mb. Mhariri anapoihamisha hati hiyo katika hati za Kilatini hana budi kuamua, na kila uamuzi wake ni tafsiri. Msomaji wa toleo lililochapwa huona uamuzi. Haoni tena shaka iliyoutangulia. Ndiyo maana mtafiti hurudi kwenye hati yenyewe. Uhusiano kati ya mchoro asilia na picha iliyochongwa ni wa namna hiyo hiyo.

Mchoro kama usomaji wa hadithi

Yawezekana kuuliza: ikiwa maneno ya mtunzi yapo kamili, mchoro unaongeza nini? Mifano miwili itatosha kujibu.

Wa kwanza ni kofia. Katika fikra za watu duniani kote Holmes huvaa kofia ya wawindaji, yenye kingo mbele na nyuma na vifuniko vya masikio. Jina la kofia hiyo halimo katika hadithi hata moja ya Conan Doyle. Katika "The Boscombe Valley Mystery", iliyotoka Oktoba 1891, mtunzi anasema tu kwamba mpelelezi alivaa kofia ya kitambaa iliyobana kichwa. Ni Paget aliyeifanya kuwa kofia ya wawindaji, na wasomaji wakaikubali. Vivyo hivyo kwa sura ya uso. Conan Doyle aliandika katika kumbukumbu zake za 1924 kwamba Holmes wa mawazo yake hakuwa mzuri wa sura kama yule aliyechorwa, na kwamba Walter, ndugu wa mchoraji, ndiye aliyekuwa kielelezo. Jambo hili la pili lilikanushwa na watu wa familia ya Paget. Linalobaki wazi ni kwamba mtunzi mwenyewe alikiri kuwa mchoraji amemshinda: Holmes aliyeishi ni yule wa karatasini.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mwezi Desemba 1893 ilitoka "The Final Problem", ambamo Conan Doyle alikusudia kuachana na mhusika wake. Holmes na adui yake Profesa Moriarty wanakutana juu ya maporomoko ya maji ya Reichenbach nchini Uswisi. Daktari Watson, msimulizi, hakuwapo. Anaporudi anakuta nyayo, fimbo ya kupandia milima na barua. Kutokana na hivyo anahitimisha kwamba wote wawili wametumbukia. Katika maneno ya hadithi, kwa hiyo, hakuna aliyeshuhudia pambano. Kuna dalili, na kuna hitimisho.

Paget alilichora pambano lenyewe. Mchoro wake unawaonyesha watu wawili wakikabana ukingoni mwa genge. Picha hiyo ilitangulia hadithi, na chini yake wahariri waliweka maneno yanayotangaza kifo cha Sherlock Holmes. Msomaji aliona kabla ya kusoma sentensi ya kwanza jambo ambalo msimulizi hakuliona kabisa. Tena, akiuangalia mchoro kwa makini na kuyafunika yale maneno ya chini, haoni kifo. Anaona mapambano ambayo mwisho wake haujajulikana. Mwaka 1903 Conan Doyle alipomrudisha Holmes katika "The Empty House", ilibainika kwamba aliyeanguka ni Moriarty peke yake. Mchoro wa 1893 haukuhitaji kusahihishwa.

Hapo zimo sauti tatu: ya msimulizi anayekisia, ya mchoraji anayeonyesha mvutano, na ya mhariri anayetoa hukumu. Ukurasa uliochapwa huziunganisha hata zikaonekana moja. Mchoro asilia huziachanisha, kwa kuwa unaonyesha kilichotoka kwa mchoraji peke yake.

Kupotea na kukusanywa

Pamoja na wingi wa kazi ya Paget, michoro yake asilia ya Holmes inayojulikana ilipo ni makumi machache tu. Sababu haikuwa uadui bali mazoea ya kazi. Kibao kikishachongwa, karatasi ilikuwa imekwisha matumizi, kama kiunzi baada ya nyumba kusimama. Strand lilikuwa na ukumbi katika ofisi zake ambamo michoro ilionyeshwa kwa umma na kuuzwa, lakini watu hawakuihesabu kuwa hazina. Mingine iligawiwa marafiki, mingine ikarithiwa na watoto ambao hawakuijua, mingine ikatupwa.

Leo hesabu imegeuka. Mchoro ule wa Reichenbach, wenye urefu wa sentimita 27 hivi na upana wa sentimita 17 hivi, uliuzwa mnadani New York mwezi Novemba 2004 kwa zaidi ya dola 220,000 za Kimarekani. Bei ya namna hiyo ina faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna tena atakayeichana karatasi ya Paget. Hasara ni kwamba mchoro huweza kufungiwa katika sanduku la chuma la tajiri, usionwe na mtafiti, na kwamba bei kubwa huwaita waghushi.

Ndipo inapodhihirika kazi ya taasisi. Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilianza mwaka 1974 kujenga mkusanyo wa vitu vinavyohusu Sherlock Holmes, na sasa mkusanyo huo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Humo mna kazi za Frederic Dorr Steele, aliyezichorea hadithi hizo jarida la Marekani la Collier's kuanzia 1903, akimfuata kwa sura mwigizaji William Gillette. Ubora wa mkusanyo kama huo haumo katika mchoro mmoja mmoja. Umo katika kuviweka chini ya paa moja vitabu, majarida, barua na michoro, ili mtafiti avilaze mezani na kuvilinganisha.

Jinsi ya kuusoma mchoro asilia

Mkusanyaji mwenye elimu huusoma mchoro asilia mahali patatu. Mahali pa kwanza ni uso wake. Humo huonekana pale mchoraji alipobadili nia: mkono uliofunikwa kwa rangi nyeupe na kuchorwa upya, kichwa kilichosogezwa. Haya ni masahihisho, na yana thamani ile ile ya maneno yaliyokatwa katika mswada wa mshairi. Mahali pa pili ni pambizo. Humo huandikwa kwa penseli vipimo vya kupunguzia, jina la hadithi, pengine sentensi iliyochaguliwa kuchorwa. Mahali pa tatu ni mgongo wa karatasi, penye mihuri, lebo na majina ya waliowahi kuumiliki. Mgongo ndio wasifu wa mchoro. Anayeubandikia ubao mpya ili upendeze ukutani huufuta wasifu huo.

Usomaji huo husaidia pia kutambua bandia. Mchoro unaodaiwa kuwa wa 1891, nao ukawa na mistari ile ile ya mchongaji, unatia shaka, kwa sababu mistari hiyo haikuwa kazi ya mchoraji. Bila shaka aliyeuchora alinakili kutoka jaridani. Na karatasi ambayo chini ya kioo cha kukuza inaonyesha vitone vilivyojipanga kwa safu ni chapa, si mchoro.

Utunzaji nao una kanuni zake. Karatasi ngumu za bei nafuu zina asidi inayozifanya ziive rangi na kukatika. Mwanga wa jua hufifisha wino. Gundi ya utepe huacha madoa yasiyotoka. Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Zanzibar, huongezeka unyevu na wadudu. Mchoro uliohifadhiwa gizani, katika bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu penye hewa, huweza kuishi kuliko jarida lililouchapa.

Somo kwa taaluma za Kiswahili

Mwaka 1960 ilichapishwa riwaya ya Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi la 1957–58. Ndimo alimoanzia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwa kirefu udugu wa wawili hao na Holmes na Watson. Uchunguzi huo, hata hivyo, umeelekea zaidi kwenye maneno: muundo wa fumbo, mantiki ya dalili, nafasi ya rafiki asiyeona yanayoonwa na mpelelezi. Kiko kinastahili kuulizwa swali lake peke yake. Holmes wa maneno huvuta kiko; lakini mpelelezi ambaye kiko ndicho alama yake, anayetambulikana kwacho hata kabla ya kusema, ameumbwa pia na wachoraji na waigizaji. Paget alimpa kiko kilichonyooka. Kile kilichopinda, kinachojulikana zaidi leo, kilitoka jukwaani kwa Gillette, Steele akakitia katika picha. Si lazima kudai kwamba mtunzi wa Bwana Msa aliwahi kuitazama picha fulani. Yatosha kukubali kwamba taswira husafiri pamoja na maneno, na kwamba mhakiki wa fasihi linganishi asiyeitia hesabuni anapima nusu ya urithi.

Kiswahili chenyewe kina majarida yake. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Katika miaka ya 1980 jarida la Sani lilisomwa sana nchini Tanzania kwa hadithi zake na katuni zake. Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu machapisho ya namna hiyo humtaja mtunzi, kichwa cha hadithi, toleo na ukurasa. Ni mara chache kumtaja mchoraji, ilhali pengine jina lake limo pembeni mwa picha kwa herufi ndogo. Hatua ya kwanza, na isiyohitaji fedha, ni kuliandika jina hilo katika kila orodha ya machapisho. Ya pili ni kuwafikia wachoraji walio hai, wahariri waliostaafu na jamaa za waliokufa, kabla ya makabati yao kusafishwa. Ya tatu ni kuhakikisha kwamba mchoro ukipatikana unahifadhiwa pamoja na toleo lililouchapa, wala hautengwi na hadithi yake ukawa pambo.

Hitimisho

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, yangeweza kusahauliwa. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka. William Taylor akayahifadhi katika maandishi. Hatimaye William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kila mmoja wao alikubali kwamba kitu kilichoonekana cha kawaida kwa wenyeji wa mji kilikuwa na haki ya kutunzwa. Waliokota maneno. Karatasi za wachoraji wa hadithi zinangoja watu wa tabia hiyo hiyo, na haziwezi kungoja kama mashairi yalivyongoja, kwa sababu shairi laweza kuishi kifuani mwa mtu hata hati yake ikiungua. Mchoro hauna kifua cha kuuhifadhi. Unayo karatasi yake moja tu.